Uwanja wa ndege usiokuwapo, na hesabu zake

Kila anayerusha ndege kwenye kompyuta ameshaulizwa na watu wa nyumbani kwake: unakwenda wapi, na ukifika unafanya nini? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa la aibu kidogo. Unafika, unazima injini, unatazama mlango wa hanga uliochorwa vizuri, kisha unafunga programu ukalale. Ndege haina abiria, mafuta hayana bei, na kesho ukitaka kuanzia upande wa pili wa dunia unabonyeza tu.

Mifumo ya uchumi ya simuleta, yaani ya programu hizo za kurusha ndege, ilizaliwa kujibu swali hilo. Inakuwekea abiria wanaosubiri, mzigo wenye uzito na malipo, ndege inayobaki pale ulipoiacha mpaka mtu aje kuiondoa, na tangi linalojazwa kwa pesa. FSEconomy ndio maarufu kati ya mifumo ya pamoja. Kujiunga ni bure, unatumia Microsoft Flight Simulator au X-Plane, na ndege zake nyingi ni ndogo na za kati. OnAir hulipiwa ada. NeoFly na Air Hauler hukuachia uchumi wako peke yako kwenye mashine yako. Kanuni zinatofautiana, mifupa ni ileile.

Rubani akishakusanya pesa za mchezo kwa miezi kadhaa, huanza kuangalia upande mwingine wa kaunta. Anajaza mafuta, anaona salio limepungua, anajiuliza: hizi zinakwenda kwa nani? Hapo ndipo wengi hununua kituo chao cha kwanza, na hapo ndipo wengi hupoteza akiba yao yote bila kuelewa ilikopitia. Makala hii ni ya huyo anayekaribia kubonyeza kitufe cha kununua.

Unachonunua hasa

Kwanza tuondoe picha isiyo sahihi. Hununui uwanja wa ndege. Njia ya kurukia, mnara na taa ni mali ya dunia ya simuleta; toleo la Microsoft la mwaka 2020 lilitangazwa kuwa na viwanja zaidi ya 37,000, na hakuna hata kimoja kinachouzwa. Unachonunua ni haki ya kutoa huduma hapo: kuuza mafuta, kutengeneza ndege, kupokea abiria, kutunza bohari. Wenyewe hukiita FBO, kifupi cha Kiingereza cha fixed-base operator.

Herufi hizo zina historia. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia jeshi la Marekani liliuza kwa bei ya kutupa ndege zake za mafunzo, hasa Curtiss JN-4. Vijana waliozinunua walizunguka vijijini wakitua kwenye mashamba, wakionyesha michezo ya hatari na kuwauzia watu dakika chache za angani. Leo wapo hapa, kesho hawajulikani walipo. Sheria ya biashara ya anga ya mwaka 1926 ilipoanza kudai leseni za marubani na ukaguzi wa ndege, maisha ya kuzurura yakawa magumu, na waliokubali kutulia mahali pamoja, wakajenga hanga na kuweka pampu, ndio walioitwa waendeshaji wenye kituo cha kudumu. Jina lenyewe basi linasema kitu ambacho mnunuzi mpya hukisahau: umekubali kukaa. Rubani akichoka na eneo anaruka. Wewe pampu yako imechimbiwa.

Kukaa huko kuna gharama inayohesabiwa kila siku. Katika mifumo mingi kituo hula mahitaji: kilo kadhaa kwa siku, kulingana na ukubwa wake, awe amekuja mteja au hajaja. Bohari likikauka kituo kinafungwa, na ukichelewa zaidi unaweza kunyang'anywa. Mahitaji hayo hayaletwi na lori lisiloonekana. Ni mzigo wenye kilo, ulioko kwenye uwanja mwingine, na lazima mtu aubebe kwenye ndege. Kituo changu cha kwanza kilikufa hivyo. Nilikuwa na pesa za kutosha kununua mahitaji ya mwaka mzima, na mahitaji yenyewe yalikuwa tele umbali wa saa moja tu, lakini wiki ile sikupata hiyo saa.

Mteja wako si abiria

Abiria wa mchezo ni tarakimu. Hana haraka, haoni uchafu wa choo, hana kampuni anayoipenda. Mfumo unamzalisha kwa kanuni, aghalabu viwanja vikubwa vinapewa kazi nyingi na vidogo kazi chache, kisha unamwacha akisubiri mpaka muda wake upite. Hawezi kuvutwa kwa tangazo.

Mteja wako ni rubani, naye ni mtu wa kweli aliyerudi kutoka kazini, amekula, watoto wamelala, na ana saa moja au moja na nusu kabla ya usingizi. Ukimwelewa huyo umeelewa robo tatu ya biashara hii. Katika dunia ya kweli ndege huenda mahali watu wanapotaka kufika. Kwenye simuleta ndege huenda mahali ambapo rubani anaweza kufika kabla hajalala.

Chukua Cessna 172, ndege ambayo karibu kila mtu ameanza nayo. Inakwenda kama maili 120 za baharini kwa saa. Toa dakika za kuwasha, kusogea hadi njiani, kupanda na kuzunguka kabla ya kutua. Kwa saa moja mtu amefanya maili 80 au 90. Mwenye Caravan au Twin Otter atafika mbali zaidi, ila naye anapenda kufanya safari mbili fupi kuliko moja ndefu, kwa sababu kuruka na kutua ndizo sehemu tamu na katikati ni kutazama saa. Kwa hiyo kituo kilicho maili 60 hadi 120 kutoka uwanja mkubwa wenye kazi nyingi kina nafasi nzuri. Kilicho maili 300 kina wateja wa wikendi. Na kilicho maili 15 hupitwa, maana kazi za umbali huo hulipa kidogo mno kuliko usumbufu wa kuwasha injini.

Ramani pekee haimalizi maneno. Hao watu walinunua simuleta ili waone. Uwanja mfupi uliobanwa na milima, au kisiwa ambacho njia yake ya kurukia inaanzia majini, huvuta marubani kuliko uwanja tambarare wenye kazi zinazolipa vizuri zaidi. Nimeona watu wakipita juu ya mafuta ya bei nafuu ili tu watue kwenye mteremko. Mhasibu atasema huo ni upuuzi. Lakini mandhari ni sehemu ya mshahara wao, na mwenye kituo anayepuuza jambo hilo anafanya hesabu nusu. Sambamba na hilo kuna taa: mtu anayeruka usiku wa kwake, na simuleta yake ikiwa imewekwa kufuata saa halisi, hawezi kutua kwenye njia ya majani isiyo na mwanga. Kituo kizuri cha mchana kinaweza kuwa kaburi la jioni, na jioni ndiyo saa ya soko.

Mtihani wa haraka kabla ya kununua: ishi pale kwa wiki mbili kama rubani. Chukua kazi zinazotokea, tua, ondoka, angalia ndege gani zimeegeshwa na kama zinabadilika. Kiwanja chenye ndege zilezile tatu kwa siku kumi hakina njaa ya huduma yako.

Mafuta: chambo kinachofanana na faida

Tufike kwenye pampu, kwa kuwa hapo ndipo ndoto nyingi hukaa. Mafuta ni ya aina mbili. Ya kwanza ni petroli ya ndege iitwayo 100LL, inayotiwa rangi ya buluu ili isichanganywe na nyingine, kwa ajili ya injini za pistoni: Cessna 172, Baron, hata DC-3. Ya pili ni mafuta ya jeti, yanayotumiwa pia na ndege za mapangaboi zenye injini za turbini kama Caravan, King Air, PC-12 na Twin Otter. Tangi la buluu kwenye kiwanja kinachotembelewa na Caravan ni pesa iliyolala. Hilo ni rahisi kulijua: tazama zilizoegeshwa.

Kigumu ni uzito. Galoni moja ya petroli ya ndege ina karibu kilo 2.7. Anayeuza kwenye pampu hufikiri kwa galoni. Anayeleta hufikiri kwa kilo. Na wewe ni wote wawili. Hebu tufanye hesabu moja mpaka mwisho, kwa tarakimu nilizozitunga ili zigawanyike vizuri, nawe utaweka za mfumo wako.

Tuchukulie kituo kina miguso 40 kwa wiki, yaani ndege 40 zinatua na hizohizo 40 zinaondoka. Kila moja inajaza galoni 30. Hizo ni galoni 1,200. Unanunua kwa bei ya jumla ya 3.20, unauza kwa 4.00, unabaki na 0.80 kwa galoni, jumla 960. Tuchukulie pia mfumo unampa mwenye kituo asilimia 5 ya malipo ya kila kazi, upande wa kuondoka na upande wa kufika. Kazi ya wastani inalipa 1,500, kwa hiyo unapata 75 kila ndege inapotua na 75 kila inapoondoka: mara 80 ni 6,000. Mahitaji ya wiki yanagharimu 600. Skrini itakuonyesha faida ya 6,360 na utalala ukitabasamu.

Sasa beba mafuta. Galoni 1,200 ni kilo 3,240. Ndege yako inabeba tani moja, basi ni safari nne, ya nne ukiongezea mahitaji. Kwenda na kurudi ni saa moja na dakika 12, jumla saa 4 na dakika 48. Saa hizo ungezitumia kubeba kazi za kawaida zinazokuingizia 1,500 kwa saa. Umeacha 7,200. Toa hizo kwenye 6,360: uko chini kwa 840.

Skrini haikudanganya, haikuulizwa tu. Saa zako hazimo kwenye taarifa yoyote ya mfumo. Waswahili wana neno lao kuhusu mali isiyo na daftari na jinsi inavyoisha bila habari, na hapa daftari linalokosekana ni la muda. Huku saa ya ndegeni ndiyo saa ya ukutani. Pesa za mchezo huwezi kuzipeleka dukani, lakini saa nne na dakika 48 zimetoka kwenye maisha yako halisi. Ndiyo maana mimi huhesabu kila kitu kwa saa kwanza, kwa pesa baadaye.

Kuna njia mbili za kuikomboa hesabu hiyo. Ya kwanza ni kutorudi mtupu. Unapokwenda kuchukua mafuta, ondoka kituoni kwako na abiria wanaoelekea hukohuko. Kila mkondo ukikupa 700, minne ni 2,800, na ile hasara ya 840 inageuka faida ya 1,960. Hii inadai kwamba ghala unaponunua liwe upande ambao kazi zako zinaelekea, jambo ambalo wengi hawaliangalii wanapochagua kiwanja. Wanapima umbali wa ghala. Wangepima pia mwelekeo.

Njia ya pili ni kumlipa mtu mwingine. Mifumo ya pamoja huruhusu kuweka mzigo wako sokoni kama kazi: kilo kadhaa, kutoka hapa hadi pale, malipo haya. Weka 1 kwa kilo, utalipa 3,240. Kwa nini mtu akubali? Kwa sababu yeye ana ndege ya kubeba kilo 2,500, atamaliza kwa safari mbili za saa moja na dakika 18 kila moja, apate karibu 1,250 kwa saa, na akirudi abebe abiria. Kwako hesabu inakuwa 6,960 ya mapato, toa 600 ya mahitaji, toa 3,240: unabaki na 3,120 bila kugusa usukani. Kwangu hiyo ndiyo faida ya kwanza inayostahili jina hilo.

Lakini tazama kilichojitokeza pembeni. Kubeba galoni moja kumegharimu 2.70, na umeuza kwa tofauti ya 0.80. Kila galoni inakula 1.90, yaani 2,280 kwa wiki. Pampu haikupi kitu, inakukamua, na unaishi kwa zile asilimia 5. Mafuta ni chambo: yapo ili ndege zije, na ndege zikija zinaleta kazi, na kazi ndizo zinazokulipa. Ukishakubali hivyo utaacha kuumia kichwa kuhusu senti za pampu, na utaanza kujiuliza lililo muhimu, kama hao 40 wangekuja hata bila mafuta. Wakiwa ni watu wa safari fupi wanaotoka na matangi yaliyojaa, pengine wengi wangekuja tu, nawe unabeba tani tatu kila wiki kwa ajili ya heshima.

Bei unayoweza kudai

Wapo wanaojibu tatizo hilo kwa kupandisha bei. Kisiwa chote ni changu, wanasema, watanunua wapi? Jibu ni kwamba watakuja nayo. Mashirika halisi ya ndege hufanya hivyo kila siku: penye mafuta ya bei nafuu hujaza zaidi ya yanayohitajika ili wasinunue penye bei ya juu, ingawa uzito wa ziada wenyewe unachoma mafuta. Kikomo cha bei yako ni gharama ya rubani kubeba mafuta yake mwenyewe.

Gharama hiyo hubadilika kwa namna ambayo wengi hawaitegemei. Galoni 30 ni kilo 81, karibu uzito wa abiria mmoja. Ndege ikiwa imejaa, kubeba galoni hizo ni kumwacha mtu chini. Kama mtu huyo analipa 300, kila galoni ya kubebwa imemgharimu rubani 10, na hapo hata ukiuza ghali kiasi gani bado ananunua kwako. Ndege ikija na kiti kitupu, kubeba ni bure, na ukiongeza hata senti 50 anakukwepa. Kwa hiyo nguvu yako juu ya bei haitokani na kuwa peke yako kisiwani. Inatokana na ndege kuja zikiwa zimejaa, na hilo linategemea wingi wa kazi kwenye viwanja vinavyokuzunguka, ambavyo si vyako. Kiwanja chenye majirani matajiri kinaweza kuuza ghali. Kiwanja kilichojitenga, ambacho ungedhani kina ukiritimba, hakiwezi.

Karakana ina mantiki tofauti na haihitaji maneno mengi. Ndege za kukodisha huhitaji ukaguzi kila saa 100, kanuni iliyochukuliwa moja kwa moja kutoka sheria za Marekani za ndege zinazobeba watu kwa malipo. Mwenye ndege akifikia saa 97 anatafuta karakana iliyo karibu na alipo, na hatatazama bei sana. Kwa hiyo karakana hufaa pale ndege zinapolala, siyo pale zinapopita. Haibebi uzito kila wiki. Kwangu ndiyo huduma yenye amani kuliko zote, na sielewi kwa nini wengi huijenga mwisho.

Kuna pia hila ya kuweka ndege zako mwenyewe za kukodisha kituoni. Mifumo kama FSEconomy hukuruhusu kuipa ndege nyumba: anayeipeleka mbali na nyumbani analipa kidogo zaidi, anayeirudisha anapewa kitu juu. Ukipanga viwango hivyo vizuri ndege hurudi kama ng'ombe jioni, kila moja imebeba kazi, na kila kutua kunakupa ile asilimia yako. Ukiviweka vikali mno haziondoki. Ukiviweka laini utazikuta bara jingine, na kuzifuata ni wikendi nzima.

Pesa zinatoka wapi, zinaishia wapi

Mpaka hapa tumemtazama mwenye kituo peke yake. Nyuma yake kuna jambo ambalo huwachanganya watu na kuwafanya waamini kwamba wasimamizi wa mfumo wanawaonea.

Pesa huzaliwa mahali pamoja tu: abiria au mzigo wa mfumo unapofikishwa. Hakuna aliyepungukiwa, tarakimu imeongezwa tu kwenye salio la rubani. Asilimia 5 yako, bei ya mafuta yako, malipo uliyompa aliyekubebea shehena, yote hayo ni pesa ileile ikihama mfuko. Ikiwa kila jioni maelfu ya kazi zinafikishwa na hakuna kinachotoka, baada ya mwaka kila mtu ni tajiri, bei ya ndege zilizotumika inapaa, na mgeni anayeanza na vijisenti hawezi kununua chochote. Mfumuko wa bei hauhitaji benki kuu ili utokee.

Kwa hiyo lazima kuwe na mifereji ya kutolea: mafuta yanayonunuliwa kutoka kwa mfumo wenyewe, ukaguzi, ndege mpya, na yale mahitaji ya kila siku. Pesa uliyolipia mahitaji haiendi kwa mchezaji yeyote. Inakufa. Kilo zinazopungua bohari kwako kila usiku, zinazokuudhi namna ile, ni sehemu ya mfereji unaozuia uchumi wote kufurika. Jambo hili halichukuliwi mzaha na watengenezaji wakubwa. CCP ya Iceland, wenye EVE Online, waliajiri mchumi, Eyjólfur Guðmundsson, mwaka 2007 ili afuatilie soko la mchezo wao.

Mahitaji yana kazi ya pili ambayo naiona ya busara zaidi. Yanamtoa mwenye kituo ofisini. Bila hayo mtu angenunua viwanja 50, aketi, akusanye ushuru wa kila atuaye bila kuruka tena. Kwa kuwa kila kituo kinakula kilo kila siku, anayemiliki 50 lazima awe na marubani wa kumbebea, awalipe, awafahamu kwa majina ya kimchezo. Ndipo vikundi huzaliwa: watano au sita wanaoshirikiana mfuko mmoja, mmoja akipenda ndege kubwa na kubeba shehena, mwingine akipenda kukaa na jedwali la hesabu, wa tatu akiwa hana hamu na pesa ila anataka ratiba ya kumpa sababu ya kuruka Jumamosi. Nimeona vikundi vya namna hiyo vikidumu kuliko kampuni za kweli. Nimeona pia vikivunjika kwa sababu mtu mmoja alikuwa anabeba mafuta yote, na hakuna aliyekuwa ameandika saa zake popote.

Hiyo ndiyo hatari ambayo hesabu yetu ya juu inaionyesha. Kituo kinachoonekana kuleta 6,360 kwa wiki ndani ya kikundi kinaweza kuwa kinabebwa na saa karibu tano za mtu mmoja mpole asiyelalamika. Siku akichoka, wenzake watagundua kwa mara ya kwanza kwamba faida ilikuwa mshahara wake ambao hakulipwa. Dawa yake ni ndogo: mlipeni kwa kilo kama mgeni, hata kama mfuko ni wenu wote. Hapo tarakimu za kituo zitasema kweli.

Kuuza

Kila kituo kina siku yake ya kuuzwa. Toleo jipya la simuleta hutoka, mandhari ya eneo fulani hupendezeshwa, marubani huhama kama ndege wa msimu, na miguso 40 inakuwa 12. Kwa tarakimu zetu, miguso 12 ni ada ya 1,800 kwa wiki. Mahitaji bado ni 600, kwa sababu bohari halijui kama wateja wamepungua. Mafuta ya galoni 360 ni kilo 972 za kubebwa, nayo yanarudisha tofauti ya 288 tu. Unabaki na 516, kama utampata mtu wa kubeba mzigo mdogo hivyo kwa bei ileile, na mwenye ndege kubwa hatakuja kwa ajili ya tani moja. Ukiongeza malipo yake hadi 1.60 kwa kilo, umefika sifuri na ushei kidogo chini yake.

Wengi husubiri mpaka hapo ndipo watangaze. Ni kuchelewa. Mnunuzi mwenye akili ataomba orodha ya kutua ya wiki nane, siyo jumla, na ataona mteremko. Uza pale miguso inaposhuka mara ya kwanza kwa wiki tatu mfululizo, na kabla ya kutangaza fanya safari zako mbili za mwisho: jaza bohari mahitaji ya miezi miwili. Gharama yake ni ndogo, lakini kitu cha kwanza anachokitazama mnunuzi, kabla ya mandhari na kabla ya bei, ni siku ngapi zimebaki kabla hajalazimika kuwasha injini.